Kioo cha mbele cha motohomu kinavuja, nizibe na nini kwa muda?

MamaMagurudumu

Wakuu, habari za huko mliko. Naomba msaada kabla mvua haijarudi.

Tuna motohomu ya zamani, yaani gari la kuishi ndani, yale makubwa ambayo uso wake umesimama wima na kioo cha mbele ni vipande viwili vinavyokutana katikati. Vioo vimeshikwa na raba nyeusi pande zote. Tumeegesha, hatuna haraka ya kwenda popote. Juzi usiku mvua ilinyesha kwa nguvu, asubuhi nikakuta dashibodi upande wa abiria imelowa, ramani zimegandana, na kibaya zaidi maji yamefika hadi kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi. Nilipopapasa nikakuta matone kwenye kona ya juu ya kioo, na kitambaa kilichofunika nguzo ya pembeni kimelowa hadi chini.

Ninachokijua ni hiki: raba imekakamaa, na kwenye kona hiyo hiyo imejivuta kidogo, naweza kuingiza ukucha kati yake na bodi. Kioo hakina ufa. Tukiwa safarini kwenye mvua sijawahi kuona maji, yanaingia tukiwa tumesimama tu. Mume wangu anasema hilo haliwezekani, kwamba kama kinavuja kikiwa kimesimama basi kikikimbia kingevuja zaidi.

Fundi wa vioo nimempata ila nafasi aliyonayo ni ya mwezi ujao, na raba yenyewe lazima iagizwe. Hadi hapo nataka kitu cha kuzuia maji tu. Humu ndani nina tyubu ya silikoni ya bafuni, tepu ya kijivu ya kitambaa na nailoni nzito ya kufunikia. Jirani tulioegesha naye kaniambia nizungushe silikoni kioo kizima, nilale usingizi. Mkono unaniwasha kufanya hivyo, lakini nimeona niulize kwanza.

kasi_ndogo

Jirani yako yuko sahihi. Silikoni kote, nje na ndani, kisha lainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni. Langu nilifanya hivyo na halijadondosha tena. Usiumize kichwa.

FundiMstaafu

Dada, iweke hiyo tyubu chini kwanza.

Kabla sijaanza kuishi kwenye magurudumu, kazi yangu ilikuwa kutoa na kuweka vioo vya mabasi na malori. Kuweka kioo hakukunichosha. Kilichonichosha ni kukwangua silikoni ya watu waliotaka kuziba kwa muda. Ikishakauka, hata ukiitoa yote unayoiona, inaacha utando usioonekana, na juu ya utando huo hakuna kinachoshika: rangi haishiki, gundi ya kioo haishiki, hata silikoni mpya haishiki vizuri. Fundi wako wa mwezi ujao atakutoza muda wa kukwangua, au atafanya haraka na utarudi hapa kuuliza swali hili hili.

Hiyo ya bafuni ina ubaya wake mwingine. Ifungue uinuse. Kama inanuka siki, inatoa asidi wakati inakauka, na asidi hiyo inakula chuma. Raba yako imevaa juu ya ukingo wa chuma wa bodi, na ukingo wa gari la umri huo hauhitaji msaada zaidi wa kupata kutu.

Tena ukizungusha nje bila kujua maji yanaingilia wapi, unaweza kuziba mahali yanapotokea badala ya mahali yanapoingilia. Raba ya namna yako ina mifereji miwili, mmoja umebana kioo na mwingine umebana bodi. Maji yakishaingia kwenye mfereji hutembea humo humo hadi yapate upenyo. Yanaweza kuingilia juu katikati na kudondokea kwenye kona. Ukiziba kona, yatatuama ndani ya raba yaendelee kuozesha ukingo taratibu, na wewe utafurahi kwamba dashibodi ni kavu.

Sasa la mumeo. Mwambie kwa heshima kwamba linawezekana kabisa. Gari likikimbia, upepo unasukuma maji kwenye uso wa kioo na kuyapandisha, kwa hiyo uvujaji wa safarini mara nyingi unatokea kwenye kona za chini, kwenye mashimo ya waipa au kwenye tundu la hewa. Gari likisimama, maji yote ya paa yanatafuta mahali pa kushukia, na yakishukia mbele yanapita juu ya taa ndogo zilizopangwa juu ya kioo, yanapita kwenye kiungio cha paa na kipande cha mbele cha faibaglasi, ndipo yanafika kwenye raba. Uvujaji wa wakati wa kusimama tu unanifanya nianze kutazama juu ya kioo kabla ya kutazama kioo chenyewe. Simaanishi raba yako ni nzima. Ukucha unaingia, kwa hiyo si nzima. Nasema huenda si yenyewe peke yake.

Kabla ya lolote, ukiwa ndani weka kiganja juu ya kioo karibu na kona hiyo na usukume polepole kwenda nje, mumeo akiwa nje anatazama. Kama raba inafunguka au kioo kinacheza, gari hilo lisitembee hadi fundi aje. Hapo si suala la maji tena. Kikitulia, tuendelee.

Zima umeme wa betri, fungua sanduku la fyuzi, likaushe, kisha lifunike kwa nailoni iliyoegemea upande ili matone yaangukie sakafuni. Usilifunge kabisa, unyevu uliomo ndani lazima upate pa kutokea.

Kisha tafuta maji yanaingilia wapi. Mnahitaji watu wawili, mpira wa bustani na tochi. Bandua kile kitambaa cha nguzo na ubao wa juu wa kioo kama unatoka kwa skrubu, ili uone chuma. Wa nje aanze kumwaga maji CHINI ya kioo, maji ya kutiririka tu, asibane mdomo wa mpira yaruke kwa nguvu. Dakika kumi mahali pamoja. Hakuna kitu? Apande hadi pembeni. Halafu kona. Halafu ukingo wa juu wa raba. Halafu taa, moja moja. Kiungio cha paa kiwe cha mwisho. Ukianzia juu, maji yatalowesha kila kitu na hutajua lolote. Wa ndani asiondoke na asichoke. Akipaka poda ya mtoto kwenye chuma kikavu, hata mchirizi mwembamba utaonekana.

Leta majibu, tuone cha kufanya.

kasi_ndogo

Mzee, yote hayo kwa tone la maji? Langu halivuji, nasisitiza.

FundiMstaafu

Nimekusikia, na sikatai. Siku utakayotaka kubadilisha kioo uje utusimulie.

NjiaPanda

Mimi si fundi ila nimeishi na uvujaji muda mrefu, nachangia mawili ya bure wakati dada anasubiri jua.

La kwanza ni jinsi ulivyoegesha. Kama pua ya gari imeinama, maji yote ya paa unayapeleka mbele. Pandisha magurudumu ya mbele juu ya kabari, pua iinuke kidogo tu, maji yatageukia nyuma. Msizidishe: kama friji yenu ni ile inayotumia gesi, haipendi kukaa upande, inaacha kupooza na inaweza kuharibika. Halafu geuza uso wa gari uelekee kule upepo wa mvua usikotoka, kama nafasi inaruhusu.

Na jeki, zile za kusawazisha gari likiegeshwa. Watu wengi wanashusha jeki moja ya pembeni hadi gari linyooke, bodi yote inapinda na kona za kioo zinafunguka. Angalia mlango wa kuingilia: kama baada ya kushusha jeki umekuwa mzito kufunga, bodi imepinda. Zipandishe zote uanze upya, mbili za mbele kwa pamoja, kisha mbili za nyuma.

La pili ni uzi. Maji yakidondoka mahali usipopataka, funga uzi mnene wa pamba, au kipande cha kamba ya kiatu, pale pale tone linapoanzia na uuelekeze ndani ya chupa. Maji yatafuata uzi. Hauzuii chochote, ila usiku mmoja wa mvua unalala na fyuzi zako ziko kavu.

MamaMagurudumu

NjiaPanda, ubarikiwe, uzi tumefunga tayari. Na ulijuaje kuhusu mlango? Tangu tuegeshe hapa tulikuwa tunaufunga kwa bega. Tumepandisha jeki zote na kuanza upya, sasa unafungwa kwa mkono mmoja, na ule upenyo wa kona umepungua kwa kuuona kwa macho. Ukucha hauingii tena vizuri.

FundiMstaafu, shikamoo. Kioo hakikucheza. Jaribio tumelifanya kama ulivyosema, mimi ndani na tochi, mzee nje na mpira. Chini: hakuna. Pembeni: hakuna. Kona ya juu: pakavu kwa muda mrefu, halafu kikaja kijitone, kikakaa, kikaja kingine. Ukingo wa juu katikati: hakuna.

Alipofika kwenye taa ya kwanza juu ya kona hiyo, maji yaliingia kabla hajaniuliza. Mchirizi, si tone. Yanashuka nyuma ya faibaglasi kupitia tundu la waya wa taa, yanagonga raba kwa ndani, yanafuata nguzo. Taa nyingine zote ziko salama, isipokuwa moja ya katikati ina unyevu ndani ya kifuniko chake lakini haifikishi maji ndani.

Kwa hiyo ni viwili, taa kubwa na raba kidogo. Mume wangu anasema alijua ni taa. (Hakujua.)

Sasa nizibe na nini? Silikoni nimeirudisha kabatini.

FundiMstaafu

Marahaba, na hongera kwa subira. Wengi wanaishia dakika ya pili kwenye kona.

Tuanze na taa, ndiyo yenye maji mengi. Umeme ukiwa umezimwa, toa kifuniko na skrubu, ivute taa taratibu bila kukata waya. Nyuma yake utakuta ama sponji iliyooza ama mabaki ya mastiki (dawa laini ya kuzibia) ya zamani yaliyogeuka makombo. Kwangua kwa kitu cha plastiki, futa kwa kitambaa chenye spiriti, acha pakauke. Nunua tepu ya butili, ile laini ya kijivu au nyeusi inayouzwa kwa mkunjo na karatasi katikati. Butili haikauki ikawa ngumu, inabanduka bila kuacha utando kama ule wa silikoni, na fundi yeyote atakayekuja baadaye hatakulaani. Bana kipande kwenye tundu la waya kuuzunguka waya wenyewe, hilo ndilo mlango wa maji. Kisha zungusha mgongo wa taa, juu na pembeni, ila upande wa chini uuache wazi. Maji yakipita juu kwa bahati mbaya yapate pa kutokea. Taa ikizibwa pande zote inageuka bilauri.

Kaza skrubu kwa mkono. Kama inazunguka bila kushika, faibaglasi imechakaa. Weka skrubu nene kidogo, si ndefu zaidi, kwa sababu hujui kuna nini nyuma. Ile ya katikati yenye unyevu ifanyie hivyo hivyo ukiwa bado juu ya ngazi. Ngazi ishikwe na mtu.

Sasa raba. Kwa kioo cha raba kuna mastiki maalumu isiyokauka, inauzwa kwa tyubu kwenye maduka ya vioo vya magari na ya boti. Ni nyeusi, inanata, inachafua kila kitu, na ndiyo tuliyotumia kazini. Inabaki laini ndani ya mfereji, bodi ikijipinda nayo inajipinda. Kuna pia silikoni nyepesi inayotiririka yenyewe hadi kwenye upenyo mwembamba, wengi wanaisifu na inaziba kweli, lakini bado ni silikoni na ukingo wako utapakwa rangi hivi karibuni. Kwa gari lako naiacha.

Kwanza kausha. Hapa ndipo kazi nyingi za muda zinaharibikia, mtu anapaka juu ya maji. Inua ulimi wa raba upande wa bodi kwa kijiti cha mbao au spatula ya plastiki. Bisibisi ya chuma usiiguse kabisa, itachana raba kavu na kukwangua rangi, na kama inagonga ukingo wa kioo utapata ufa uliokuwa huna. Ukiwa umeinua, pitisha kipande cha karatasi ya kufutia, kitoke kimelowa, pitisha kingine, hadi kitoke kikavu. Kikausha nywele kwa moto mdogo kinasaidia. Ile bunduki ya hewa moto ya kukwangulia rangi usiitumie karibu na kioo baridi.

Halafu tazama ule mkanda mwembamba wa raba uliozama katikati ya raba kubwa. Huo ndio unaoitanua raba ili ibane. Kwa miaka mingi unasinyaa, na miisho yake miwili iliyokuwa imegusana inaachana. Mahali hapo raba inalegea. Tafuta miisho hiyo ilipo. Ukikuta pengo, paka maji ya sabuni na urudishe mkanda kwa kidole gumba ukiusukuma kuelekea pengo, usiuvute. Ukivutwa utanyooka leo na kusinyaa tena kesho. Pengo likibaki, kata kipande cha raba ya ukubwa huo ukijaze.

Kisha mastiki. Kata ncha ya tyubu iwe nyembamba, inua ulimi, ingiza ncha hadi ndani na ujaze ukisogea polepole, kuanzia kiganja kimoja pembeni ya kona hadi kiganja kimoja upande wa pili. Achia ulimi, bonyeza kwa kidole. Itakayotokeza nje ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, halafu haraka kwa maji ya sabuni, kwa sababu mafuta ya taa na raba havipatani. Petroli hapana. Raba ya chini ya kioo usiijaze kitu chochote. Kama kuna maji ndani ya mfereji, huko ndiko yatakakotokea.

Mwisho, kama mvua inakuja kabla hujapata mastiki, tepu. Si hiyo ya kijivu. Jua likiipiga gundi yake inabaki kwenye rangi kama asali ya mwaka jana. Tafuta tepu ya plastiki inayoonyesha, isiyopitisha maji, pana. Haishiki vizuri juu ya raba, kwa hiyo iruke raba: ukingo mmoja ukae kwenye bodi safi iliyofutwa kwa spiriti, mwingine ukae kwenye kioo. Anza kipande cha chini, cha juu kikilalie cha chini, sugua kingo zote kwa ukucha. Isiingie kwenye njia ya waipa wala mbele ya macho ya dereva. Na ukitaka kuendesha nayo, jua kwamba upepo unatoka chini kwenda juu, utaanza kuibandua kwa ukingo wa chini. Simama uitazame.

Ile nailoni nzito tumia tu gari likiwa limesimama, na ibane juu ya paa, chini iwe wazi.

gari_bapa

Naomba kudandia hapa hapa. Langu ni jipya zaidi, kioo kimoja kikubwa, sioni raba ya kubana, kuna ukanda tu wa urembo unaozunguka. Pembezoni mwa kioo kuna rangi nyeusi yenye vidoti. Linavuja kona ya juu vile vile. Mastiki ya mzee inanifaa?

FundiMstaafu

Haikufai, na nashukuru umeuliza kabla hujapaka.

Kioo chako kimegandishwa kwa gundi ya poliurethani. Ule weusi wenye vidoti umewekwa kuikinga gundi isipigwe na jua, kwa sababu jua huiharibu. Gundi hiyo ndiyo inayokishika kioo kwenye bodi, hakuna kingine kinachokishika. Ikivuja mahali, maana yake imeachia pale, au chuma kilicho chini yake kimeota kutu na gundi imebanduka pamoja na rangi.

Kwa hiyo kwako wewe jaribio la kusukuma kwa kiganja ni la lazima. Kikisogea hata kidogo, egesha. Kisiposogea, ziba kwa nje kwa tepu hiyo ya plastiki, kutoka bodi hadi kioo, basi. Usipenyeze mastiki, mafuta, silikoni wala gundi ya duka la vifaa vya ujenzi kwenye upenyo ule. Fundi akija anaweza kukata sehemu iliyoachia, kusafisha na kujaza poliurethani mpya, lakini anahitaji kukuta chuma na kioo visivyopakwa kitu. Hizo gundi za poliurethani zinakauka kwa unyevu wa hewa, milimita chache kwa siku, na kila moja ina muda wake wa kusubiri kabla ya kuendesha. Soma tyubu, usimsikilize mtu mwenye haraka, hata akiwa fundi.

Na wewe pia anza na mpira wa maji. Vioo vya kugandisha vinasingiziwa sana makosa ya taa.

NjiaPanda

Kwa wasio na mtu wa pili wa kushika mpira: fungeni madirisha na milango yote, washeni feni ya paa ikiwa inaingiza hewa ndani badala ya kutoa, au feni ya dashibodi kwa nguvu zote ikiwa inavuta hewa ya nje. Kisha tokeni nje na chupa ya kupulizia maji ya sabuni, mpulizie raba na taa. Hewa inayotafuta pa kutokea itapiga mapovu pale pale penye tundu. Nimewahi kulikuta tundu ambalo maji hayakulionyesha. Siku yenye upepo haifai, mapovu yanapeperuka.

MamaMagurudumu

Nimerudi. Taa imekamilika. Nyuma yake sponji ilikuwa imegeuka unga, na tundu la waya ni kubwa kuliko kidole changu kidogo, sijui aliyelitoboa alikuwa anafikiria nini. Butili imeingia vizuri.

Ule mkanda wa katikati, mzee, pengo lake lilikuwa juu, karibu na kona ile ile. Mume wangu kausukuma kwa sabuni ukarudi, pakabaki nafasi ndogo tukajaza kipande. Mastiki tumepata dukani kwenye vifaa vya boti. Ulisema inachafua. Ungesema zaidi. Iko kwenye usukani, iko kwenye pazia, iko kwenye mbwa.

Mvua imepiga usiku kucha. Uzi wa NjiaPanda ulikuwa mkavu asubuhi, chupa haina kitu. Dashibodi kavu. Ila ubao wa nguzo ukiugusa kwa nyuma bado una ubaridi wa unyevu, na harufu ipo. Ni maji mapya au ya zamani? Na tepu tuliyobandika kabla ya mastiki niiache?

FundiMstaafu

Uwezekano mkubwa ni ya zamani. Mbao na sponji za ndani zinashika maji muda mrefu. Usirudishe kitambaa cha nguzo wala ubao wa juu kwa sasa. Acha wazi, elekeza feni ndogo hapo mchana. Ili usibaki unabahatisha, bandika karatasi ya kufutia kwenye chuma cha nguzo, andika tarehe kwa kalamu ya wino unaosambaa ukilowa. Baada ya mvua nyingine itazame. Wino ukisambaa, rudi kwenye mpira wa maji, safari hii anza pale tulipoishia, kiungio cha paa. Sikuona ukitaja kwamba mlikifikia.

Tepu itoe sasa, usiisubirishe hadi mwezi ujao. Ipashe kwa kikausha nywele, ivute polepole ikijikunja kurudi nyuma juu ya yenyewe, usiivute kuja kwako.

Fundi akija mwambie waziwazi ulichopaka na ulipopaka. Raba ya zamani ikitoka, muombe akuite uone ukingo wa chuma kabla hajaweka mpya. Kama kuna kutu inayovimba, ikwanguliwe hadi chuma kisafi na ipakwe rangi, hata kama itabidi gari lilale pale. Raba mpya juu ya kutu inavuja mapema.

Mbwa mfute kwa mafuta ya kupikia kisha shampuu yake. Mafuta ya taa usimguse nayo.

MamaMagurudumu

Kiungio cha paa kweli hatukukifikia, tulipoona mchirizi wa taa tukaacha mpira tukaanza kushangilia. Kesho tunarudia. Karatasi nimeshabandika.

kasi_ndogo

Swali la mwisho mzee, bila ugomvi. Hiyo mastiki isiyokauka naweza kuitumia dirisha la pembeni? Lina raba na limeanza kulia maji.

FundiMstaafu

Kama ni kioo halisi ndani ya raba, ndiyo. Ligonge kwa kucha kwanza. Madirisha ya pembeni ya motohomu nyingi ni akriliki, yana sauti ya plastiki, na viyeyusho vilivyomo kwenye baadhi ya mastiki na visafishio vinayapasua nyufa ndogo ndogo. Hata spiriti usipake juu ya akriliki, tumia maji ya sabuni. Soma tyubu kama imeandikwa inafaa kwa akriliki, na kama haijaandikwa, tumia butili.